Mirija ya Rangi katika Kopo la Mukhwas

Aibu niliyoipata Jumapili ile sijapata kuisimulia mbele ya watu, na hata leo nikisikia harufu ya shamari masikio yananiwaka moto, lakini kwa kuwa nyinyi ni watu wa nyumbani na dada yangu Hansa mwenyewe ameshanisamehe (anasema amenisamehe), haya, sikilizeni na mcheke mtakavyo.

Ulikuwa mwaka wetu wa pili Hounslow. Unguja baba alikuwa na duka la vitambaa Darajani na mie nilikulia chini ya meza yake ya kupimia, kazi nyingine siijui, na London hakuna aliyekuwa akiningoja. Wahindi waliofukuzwa Uganda nao ndio kwanza wanashuka kwenye ndege na makoti ya kupewa, kila kazi ina watu wamejipanga mlangoni. Nikapata kazi kwa mzee mmoja wa Kiingereza, Reg, mwenye duka la vifaa vya uvuvi. Sasa fikirini wenyewe: sisi Wahindu wa nyumba yetu hatuli nyama, hatuli samaki, hata yai Ba (ndivyo tunavyomwita mama) haliruhusu jikoni, na mie mwanawe nauza ndoana. Nyumbani nikasema nimepata kazi duka la vifaa vya michezo. Ba akawatangazia watu kwamba nauza raketi za tenisi.

Funza wa chambo nilikataa kuwagusa tangu siku ya kwanza. Reg hakukasirika, akaniambia basi nishughulike na mirija. Hii mirija ni chambo cha bandia, plastiki laini, urefu wa kidole, ndani tupu, mkiani imechanwachanwa nyuzi nyuzi ili icheze majini, na samaki wa baharini aitwaye bass akiiona huidhania kitoweo. Ilikuwa kitu kipya, imetoka Amerika, ya kila rangi, na wenyewe wanaoitengeneza waliitia mafuta yenye harufu ya shamari kwa sababu, eti, samaki anaipenda. Basi Jumamosi moja Reg akanipa mfuko mzima wa mirija ya namna mbalimbali.

"Wewe Jay unajua vitambaa," akaniambia. "Ishike, ivute, nichagulie iliyo laini lakini haichaniki. Jumatatu naagiza."

Akanionya nisiiweke kwenye chombo cha plastiki, itayeyuka igandane, nitafute kopo la chuma.

Jamani, tangu nifike nchi ile hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza mie naonaje juu ya kitu chochote, sasa leo Mzungu ananiambia nichague, kichwa kikavimba. Nikafika nyumbani nikajifungia bafuni. Nikajaza maji kwenye bafu, nikaitia ile mirija mizima nione inavyoogelea, na mingine nikaifanya kama tulivyokuwa tukifanya Darajani mtu akija na shughuli ya harusi: nikachukua mkasi nikakata sampuli. Kipande kidogo cha nyekundu, cha kijani, cha manjano, cheupe, cha waridi, vidogo vidogo kama punje, ili Jumatatu nimpangie Reg mezani rangi na ulaini wake. Kopo la chuma nikalipata jikoni. Ba alikuwa na makopo mawili ya mviringo yanayofanana kama pacha, ya kuwekea mukhwas (zile shamari na peremende ndogo ndogo za rangi tunazotafuna baada ya kula), moja limejaa na moja tupu. Nikatia sampuli zangu kwenye lile tupu, nikalirudisha rafuni palepale lilipokuwa, maana sikutaka Ba aulize kopo lake limekwenda wapi.

Akili hiyo.

Na kesho yake ndiyo siku watu wa Ilford, upande wa pili wa London, wanakuja kumposa Hansa. Mtanisamehe, nilipaswa kuanza na hilo. Hansa na Dilip, kijana wao, walikuwa wameshaonana kwenye harusi ya watu, wamependana, dada yangu wiki nzima hali vizuri, na Ba ambaye tangu tuondoke Unguja hakucheka sawasawa alikuwa anaimba jikoni. Mama yake Dilip, Bi Kanta, alikuwa mtu wa Mombasa, mshika dini hasa, anayeuliza sufuria imepikiwa nini kabla ya kula kilichotoka ndani yake. Ba akasugua nyumba nzima. Bafuni akaniachia mie. Nami nikasahau.

Wakaja watatu, Bi Kanta, mumewe Mzee Manu, na Dilip na tai yake. Makoti yakalundikwa kitandani, jiko la mafuta ya taa likawashwa tupate joto, tukala, wakasifu, ndege za uwanja wa jirani zinapita juu ya paa na kila ikipita mazungumzo yanasimama kidogo halafu yanaendelea. Ba akaeleza habari za raketi. Sahani ya peda, vile vitamu vya maziwa, ilikuwa imefunikwa kitambaa chekundu pembeni, maana desturi yetu wakubwa wakishakubaliana ndipo hulishana tamu, na hapo posa imekwisha.

"Jayu," Ba akaniita, "lete mukhwas kwanza, halafu tutafunua peda."

Nikaenda jikoni. Makopo mawili, nikachukua la mbele. Sikufungua kuangalia, kwa nini niangalie, shamari inanukia mpaka nje ya kifuniko. Nikalifungua mbele ya Bi Kanta mie mwenyewe, kwa mbwembwe, huku namwambia Mzee Manu habari za biashara, naye Bi Kanta akachota kijiko, akatia mdomoni, Mzee Manu akamimina kiganjani akabwia.

Wakatafuna. Wakaendelea kutafuna. Bi Kanta ni mtu mwenye adabu zake, akatabasamu, akahamishia shavu la pili.

"Hii ya hapahapa London, dada?" akamwuliza Ba.

"Ya hapahapa," Ba akajibu kwa furaha.

"Haitafuniki upesi."

Mzee Manu yeye, meno yake ya bandia yalikuwa yamenasa. Ndipo Dilip, aliyechukua kipande kimoja tu, akakiinua karibu na taa, akakibonyeza, akakinusa, akamwambia mama yake polepole, "Mummy, usimeze. Hiki ni chambo cha samaki."

Ba akanitazama. Hansa, amesimama mlangoni na trei ya chai, akanitazama. Nami badala ya kunyamaza nikafungua mdomo.

"Lakini ni mipya," nikasema. "Haijamgusa samaki hata mmoja."

Bi Kanta akatema kwenye leso. Halafu akamgeukia mwanawe. "Na wewe umekijuaje?"

Dilip akaangalia viatu vyake. "Wenzangu wa kazini," akasema, "Jumapili hunichukua baharini kuvua." Kumbe Jumapili alizosema yuko maktaba. Sasa nilikuwa nimevua na siri ya watu.

Bi Kanta akaomba mahali pa kusukutua. Hansa akamwonyesha bafuni. Hapo ndipo nilipokumbuka. Nikainuka kumwahi lakini alishafunga mlango, na tukasikia sauti yake, si ukelele, ni mguno mrefu tu, maana ndani ya bafu ile mirija mizima ilikuwa inaelea, mikia inacheza kama ngisi wadogo.

Waliondoka bila kunywa chai. Peda zikabaki zimefunikwa. Ba hakunigombeza, laiti angenigombeza, alikaa akaanza kuosha makopo yote mawili kwa maji ya moto, akaosha tena. Hansa alilia chumbani kwake, nami nimesimama nje ya mlango, natamani sakafu inifukie.

Miezi iliyofuata Hansa alinipa chakula bila kunitazama. Nilikwenda Ilford na Ba kuomba radhi, tukarudishwa kwa upole, tukaenda tena, na Dilip huko kwao akagoma kuonyeshwa msichana mwingine, mpaka Bi Kanta akalegea. Harusi ikafanyika. Ukumbi umejaa, watu wa Hounslow na Ilford na waliotoka mbali, chakula kimekwisha, naona upande wetu wanaanza kupitisha mukhwas na upande wa Bi Kanta hakuna anayenyoosha mkono. Akafungua mkoba wake, akatoa kopo lake mwenyewe kutoka nyumbani, akawagawia watu wa upande wake mmoja mmoja, na ukumbi mzima unajua kwa nini. Halafu akaja mpaka niliposimama.

"Chukua, mwanangu," akaniambia. "Hii ni ya kula."

Nikachukua, nikatafuna mbele yao wote, Hansa kwenye jukwaa amejifunika uso kwa mtandio wa harusi na mabega yanamtikisika, sijui kwa kilio au kicheko. Na tangu siku hiyo mie sipeleki kitu mbele ya mgeni kabla sijakitia mdomoni mwangu kwanza.