Kunguni Waliokwenda Kuposa

Mpaka leo nikimsikia mtu anasifu hoteli ya bei rahisi, mate hunijaa mdomoni, na si mate ya tamaa. Nimelala katika hoteli ya namna hiyo mara moja tu maishani, mimi na mama yangu, katika mtaa wa nyuma ya stesheni ya mabasi ya Victoria, na mara hiyo imenitosha umri wangu wote.

Tulikuwa tunatoka Cardiff, na tulikwenda London kumposea mdogo wangu wa kiume. Alikuwa amempenda msichana wa Walthamstow, mtoto wa watu wa kwetu hasa, baba Mpemba na mama wa Unguja mjini, waliokimbia baada ya mapinduzi kama tulivyokimbia sisi. Kwa upande wa nasaba hapakuwa na la kusema. Tatizo ni kwamba msichana alizaliwa London, na mama alikuwa na imani yake kwamba mtoto aliyezaliwa London hajui lolote ila kusema "sorry" na kufungua friji. Mdogo wangu alimbembeleza sana mpaka akakubali kwenda, tena kwa sharti.

"Nakwenda kutizama tu," alisema. "Nikiona dosari nakunywa chai yao, naaga, na posa naimeza. Na wewe usije ukanililia hapa."

Mdogo wangu akanivuta pembeni, mtu mzima mwenye ndevu zake, machozi yamemlengalenga, akaniomba nisiache posa yake imezwe. Nikamwahidi. Sijui nilimwahidi kwa kutegemea nini, maana mama yangu akishakataa jambo hata mvua haimtoi barazani.

Mtu ataniuliza, hoteli ya nini na London imejaa Wazanzibari? Woolwich peke yake tulikuwa na jamaa wa kututandikia kitanda, wakatupikia na biriani. Lakini kwetu posa ni siri mpaka ijibiwe. Wanawake hutangulia kwanza kimyakimya, kuulizia, na wanaume hufuata mambo yakishalainika. Ukilala kwa jamaa utaulizwa umekuja kufanya nini, na kabla hujamaliza kikombe cha chai habari zimeshavuka mto, zinakungoja Walthamstow. Na posa ikirudishwa baada ya kutangazwa, kijana hubaki na doa. Kwenda asubuhi kwa basi la siku ileile mama hakutaka, kwa sababu posa hupelekwa mapema, kabla jua halijapanda, na yeye hakuyaamini mabasi ya Waingereza. Ndiyo maana tukaangukia hoteli.

Nilianza kuona kinyaa tangu mlangoni. Zulia la pale mapokezi liliganda viatuni, kila hatua ikawa unanyanyua mguu kwa nguvu. Nyuma ya kaunta alikaa mwanamume mnene anayekula chipsi, akatupa ufunguo na vidole vyake vikaacha mafuta juu yake. Niliupangusa kwa leso, kisha leso yenyewe ikaanza kuninukia. Ngazi zilikuwa na harufu ya bekoni ya kukaanga iliyochanganyika na soksi. Mama alipanda huku amejifunika pua kwa ncha ya ushungi, akisoma kila dua aliyoijua.

Chumba kilikuwa ghorofa ya juu, na dirisha lake liliangalia mabasi. Ukilifungua unavuta moshi wa dizeli, ukilifunga unavuta watu wote waliowahi kulala mle. Mto wa kwanza niliougeuza ulikuwa na ramani ya njano, mate ya mtu asiyejulikana, yaliyokauka. Wa pili sikuugeuza. Birika la umeme lilikuwa na utando wa kahawia ndani na unywele mmoja mrefu unaoelea, na mama, aliyekuja na iliki na majani yake ya chai ndani ya mkoba, aliuangalia unywele ule kwa muda kisha akaufunga mkoba. Beseni la kunawia lilikuwa na ndevu za mtu. Siyo unywele wa bahati mbaya, la. Ndevu zilizonyolewa zikaachwa, zimeshikana na sabuni iliyokauka.

Na choo. Kilikuwa nje, cha ghorofa nzima. Sakafu yake nayo ilikuwa na zulia, na mpaka leo ningependa kukutana na mtu aliyewaza kutia zulia chooni, nimuulize aliwaza nini. Zulia lenyewe lilikuwa bichi. Sisi huingia chooni na kopo la maji, hatuwezi vinginevyo, na mama alilibeba kopo lake la plastiki kutoka Cardiff, limefungwa kwenye mfuko ndani ya mfuko. Alitoka mle amekunja nguo mpaka magotini, uso umemsawijika.

"Hawa ndio waliotutawala," alisema.

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa kiti na akatangaza kwamba hatuwezi kwenda kwa watu tukinuka chumba kile. Nguo zetu za posa, nguo nzuri zilizopigwa pasi, na mabuibui mapya, lazima zifukizwe udi hapo hapo. Kwetu mwanamke haendi kwenye jambo la heshima nguo zake hazijapitishwa moshi wa udi. Ni sawa na kwenda bila kuoga. Mama alikuwa na chetezo chake kidogo cha udongo, na yale makaa ya vidonge yanayouzwa maduka ya Waarabu, yanayoshika moto kwa kibiriti kimoja.

Nilimwambia, "Mama, hapa si kwetu." Akaniambia nisimfundishe adabu ya posa, yeye ameposa na kuposwa kabla mimi sijaota meno. Basi nikatandaza nguo juu ya kitanda, maana hapakuwa na mahali pengine pa kuzitandaza, na yeye akaweka chetezo sakafuni, akatia udi. Lazima niseme kweli: harufu ilipopanda, kwa mara ya kwanza tangu tuingie nilivuta pumzi kwa raha. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linatua. Mama akainua buibui lake juu ya moshi kama mtu anayemshika mtoto, akatabasamu.

Kengele ya moto ililia kama mbuzi anayechinjwa. Milango ikafunguka ukumbi mzima. Watu wakamiminika ngazini na taulo, na mmoja na povu la sabuni kichwani. Mimi nilimvuta mama mkono, nguo tukaziacha palepale kitandani, tukatoka. Tulipofika barabarani ndipo nikaona kwamba mama amebeba chetezo chini ya kanga. Aliona akikiacha ndani wazungu watakiiba. Moshi ulikuwa unamtoka kifuani na kwapani, na yule mnene wa mapokezi, chipsi mkononi, alimtazama, akaelewa kila kitu, akaanza kutukana. Sitayaandika aliyoyasema. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa Kiswahili kwa nini mtu mwenye choo kama kile anaogopa moshi.

Hatukufukuzwa, ila tuliambiwa tukirudia tutalala barabarani. Tulirudi chumbani, mama akaziondoa nguo kitandani, akazikunja, akazitia ndani ya begi. Tulilala na nguo tulizosafiria, tumejikunyata, tumeweka kanga baina yetu na shuka.

Asubuhi mama aliamka anajikuna. Mkono wake wote kuanzia kiwiko ulikuwa na vidonda vyekundu vilivyopangana mstari, kama mtu aliyeshonwa. Nilijua kabla sijatazama. Nikanyanyua godoro. Pindoni, kwenye mshono, palikuwa na madoa meusi kama pilipili manga, na katikati ya madoa, kunguni. Wakubwa kwa wadogo, jamaa na koo zao, wanene kwa damu yetu. Mmoja nilimponda na kiatu, ukatoka ule uvundo wao, na nikaukimbilia ule mlango wa choo chenye zulia.

Nguo za posa zilikuwa zimelala juu ya godoro hilo. Tulizikung'uta dirishani, tukazigeuza, tukazipekua mshono kwa mshono. Hatukuona kitu. Lakini kunguni haonekani anapotafutwa, yeye huonekana anapotaka.

"Turudi Cardiff," nilisema. "Tutakuja siku nyingine."

"Posa ikishatoka nyumbani hairudishwi njiani," mama alisema. "Ukiirudisha umempiga kijana mkosi. Vaa."

Tukavaa. Ndani ya treni ya chini, njia nzima mpaka kituo cha mwisho, mama alikaa wima bila kuegemea kiti, na kila alipojikuna mimi nilitazama kando. Nilikuwa nawashwa mwili mzima, hata pale ambapo sikuumwa. Nilikuwa nawaza mdogo wangu na ahadi niliyompa. Nikawaza pia kwamba mama alikwenda kutafuta dosari kwa watu, na sasa dosari tumeivaa sisi.

Nyumba yenyewe ilikuwa katika safu ya nyumba za matofali zilizoshikana, mbali kidogo na soko. Walikuwa wameambiwa wageni wa kike wanakuja, na wanaume walikuwa wametoka kwa heshima yetu. Mama wa msichana alitupokea mlangoni, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, na mara tu baada ya salamu akanyoosha mikono. Sisi tukimkaribisha mgeni tunampokea buibui lake, tunakwenda kulitundika chumbani. Ukivua, umekubali kuwa mwenyeji. Ukikataa, basi una haraka, au hapo pamekukirihi.

"Vua buibui, dada, upumue," alisema.

"Wacha tu," mama akajibu. "Nna baridi."

Ilikuwa Julai. Jasho lilikuwa linamtiririka mama kwenye paji. Mwenye nyumba akanitazama mimi, nami nikajikumbatia buibui langu. Mikono yake ikashuka taratibu.

Tulikaribishwa sebuleni. Mama aliketi kwenye ncha kabisa ya kochi, mgongo haugusi, na kila mto uliosogezwa kwake aliusukuma. Mimi nilijua anakinga fanicha za watu na wadudu. Mwenye nyumba alijua nini? Alichokiona ni mwanamke anayeona kinyaa kukaa kwake. Nilikiona kinywa chake kikikazika. Maneno yakawa mafupi. Hamjambo, hatujambo, safari ilikuwaje, ilikuwa njema. Aliuliza tumefikia wapi, na mama akasema, "Hapa hapa mjini," basi. Niliiona posa ya ndugu yangu inafia kwenye zulia lile safi. Ningesema nini? Tumekuleteeni kunguni?

Ndipo msichana akaingia na sinia la juisi.

Hakupaswa kuingia. Anayeposwa hukaa chumbani mpaka aitwe, na mama yake alimkazia macho ya kumrudisha. Yeye hakuyaona, au aliyaona na hakuyaelewa. Alivaa soksi zisizofanana. Aliinama kumwekea mama gilasi, na wakati uleule mdudu akatokea kwenye ukingo wa ushungi wa mama, chini ya sikio, mwekundu, mnene, anatembea bila haraka. Mimi nilimwona. Mwenye nyumba alimwona, akashika kifua. Mama alituona tunavyotazama, akajua, akafumba macho.

"Auntie, usitikisike," msichana alisema. "Don't move."

Akaweka sinia chini. Akamchukua yule kunguni kwa vidole vyake vitupu, hakutafuta karatasi, hakukunja uso, akamminya baina ya kucha mbili. Tulimsikia akipasuka. Uvundo ukapanda, na damu ikamtapakaa kidoleni mpaka kwenye kiungo, na damu ile ilikuwa ya mama yangu.

"Got it," akasema, akimpangusia kwenye suruali yake. "Wako wengine, auntie? Nipe buibui. Nitaosha na maji moto, watakufa wote."

Mimi nilikuwa nimebana mdomo kwa mikono miwili nisitapike. Sioni haya kulisema, ndivyo nilivyo mpaka leo.

"Tumelala hoteli," mama alimwambia mwenye nyumba, macho bado kayafumba. "Sikutaka wakae kwako."

Mama akafumbua macho, akasimama, akavua buibui. Akavua na ushungi, akabaki na mvi zake wazi mbele ya watu aliokuwa hajawajua hata saa nzima, akavikusanya vyote na kumwekea msichana mikononi.

Posa ina njia yake. Unaulizia afya, unasifia nyumba, unazunguka weee mpaka wenyewe wachoke wakuulize ulilojia. Mama hakuzunguka. Alikitazama kile kidole chenye damu yake.

"Bibi," alimwambia mwenye nyumba, "mimi nimekuja kumuomba huyu. Na ukininyima sitoki, maana nguo zangu anazo yeye."