Mstari Mweusi Nilioufuta

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka hadi leo najikasirikia: siku niliyofuta namba ya kweli kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilikuwa chuoni, mwaka wa mwisho. Kazi yangu ilikuwa kupima mwanga wa nyota moja. Kati yetu na nyota ile lipo wingu. Si hili la mvua, ni la gesi na vumbi, na liko mbali hata kichwa kinauma ukikadiria. Mwanga ukipita humo, sehemu yake humezwa. Ukiutawanya katika rangi zake, pale ulipomezwa huonekana mstari mweusi. Nikalinganisha picha ya miaka ya nyuma na ya mwaka ule. Mstari ulikuwa umekolea. Nikapima mara nne. Umekolea!

Mwalimu wangu akacheka. "Mawingu ya huko hayabadiliki ndani ya umri wa mtu, binti. Umekosea. Rekebisha, la sivyo huhitimu."

Nikaogopa. Nikafuta, nikaandika namba ya zamani, tena nikajiona mjanja.

Likizo nikarudi kwetu Mbuchi, karibu na mto unapoingia baharini. Shangazi yangu Mwanahawa alikuwa anapeleka mpunga kwa mtumbwi. Akanisimamisha mbele na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, nipime kina na kumtajia. Mkondo ule nimeujua tangu utoto, kwa hiyo sikujisumbua hata kuugusisha upondo chini. "Maji mengi, shangazi, twende tu." Mtumbwi ukapanda fungu la mchanga, maji yakapwa, tukashinda juani hadi yalipojaa tena.

"Nimekuuliza upondo wasemaje," alinifokea, "sikukuuliza mwaka jana palikuwaje! Mchanga wahama, mwana we. Wanipa habari za mwaka jana nikafe nazo?"

Nikalia, na si kwa sababu ya jua. Nikamweleza yote ya chuoni. Hakunipa pole hata kidogo.

"Basi karudishe," akasema.

Nikairudisha namba yangu. Nikanyimwa cheti, nikarudia mwaka mzima huku wenzangu wakiajiriwa. Iliniuma sana, sikufichi. Lakini picha mpya ilipopatikana, mstari ulikuwa umekolea zaidi. Wingu lile linasogea, na halina unene mmoja. Kadiri miaka inavyopita tunaiona nyota kupitia sehemu nyingine yake. Nikaiweka picha mbele ya mwalimu, nikasimama pale pale. Akaitazama, akaitia kazi yangu sahihi. Hakuniomba radhi, nami sikuisubiri.

Sasa nisikilize, mwanangu. Pima mwenyewe, kisha pima tena. Ukikuta umekosea, kiri upesi wala usione haya. Lakini ukikuta ndivyo, usifute kwa sababu mkubwa amekunja uso. Cheti anaweza kukunyima. Ulichokiona hawezi kukunyang'anya, mpaka umkabidhi mwenyewe. Wakikuita mkaidi, itika.

Mola akupe macho mazima na mkono usiotetemeka, na ukaidi huo akuzidishie. Amin.