Mnara wa Ukoo na Mahali pa Bibi

Ilianza Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Juni, saa kumi na mbili na robo asubuhi, bibi alipogonga mlango wa chumba changu hapa Sakina. Alikuwa ameshavaa koti, kilemba na viatu vya kanisani. Gari la kukodi lilikuwa linakuja saa mbili.

"Amka, mjukuu wangu. Tukichelewa watatuweka nyuma."

Tulikuwa tunakwenda Akheri, kwenye mkutano mkuu wa historia ya ukoo. Mimi sipendi watu wengi. Watu watatu kwangu ni mkutano wa hadhara. Lakini bibi ana mguu mbovu, lazima mtu amshike mkono, na mtu huyo huwa ni mimi kwa sababu silalamiki.

Njia nzima, kutoka mjini mpaka tunakata kona pale Tengeru kupanda mlimani, bibi alizungumzia kitu kimoja: kaburi la babu. Babu alikuwa na wake wawili. Mke mkubwa, wa ndoa ya kanisani, amelala kulia kwake. Kushoto ni pa bibi. Babu mwenyewe alimwonyesha akiwa mzima, akagonga fimbo chini, akasema, "Wewe hapa." Bibi haogopi kufa. Anaogopa kuzikwa pengine.

Kwa babu tulikuta maturubai, spika kubwa kama kabati, na umati wa ndugu waliovaa fulana za rangi ya chungwa zilizoandikwa TUIJUE MIZIZI YETU. Saizi yangu ilikuwa imekwisha. Nilipewa ya mtu mnene, ikanifika magotini.

Mwenyekiti alikuwa baba mkubwa, mtoto wa kwanza wa yule mke mkubwa. Anaishi Dar es Salaam, na mlimani huja Krismasi, kula na kulaumu. Mtu wa aina yake ukimpa kipaza sauti, siku yako imekwisha. Alikuwa ameleta na projekta, akaiwasha nje, mchana kweupe, picha zikatua kwenye shuka lililofungwa kati ya migomba miwili. Hakikuonekana kitu. Akawa anaelekeza fimbo kwenye shuka tupu: "Huu ndio mti wa ukoo wetu, kama mnavyoona." Watu wazima, walimu, mhasibu, hata mzee wa kanisa, wakatikisa vichwa kwamba wanaona. Mimi niliona shuka.

Historia yenyewe ilikuwa hivi: mwanaume alimzaa mwanaume, naye akamzaa mwanaume. Wanawake walitajwa mara moja tu, kwenye shukrani za jikoni, kwa ajili ya loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa ya mgando. Babu mmoja wa zamani alimfukuza Mjerumani kwa mkuki, na muda mfupi baadaye babu huyohuyo akapewa na Mjerumani miche ya kahawa kwa urafiki. Hakuna aliyeuliza ilikuwaje. Walipiga makofi mara zote mbili.

"Sasa, jambo kubwa," akasema baba mkubwa. Kamati imeamua kujenga mnara wa kumbukumbu, wa zege na vigae, kushoto kwa kaburi la babu. Vigingi vinne vimeshachomekwa. Makofi.

Mkono wa bibi ukanibana. "Hapo ni pangu. Mwambie baba yako."

Baba ni mwanawe wa pekee, naye alikuwa amekaa nyuma yetu. Nilimwambia. Akatazama viatu vyake. "Si vizuri kuharibu shughuli ya watu. Nitaongea naye faragha." Tangu nimjue, baba yangu ataongea na watu faragha.

Mimi nami mbele za watu siwezi kusema kabisa. Hata darasani jibu naandika, nampa jirani yangu aseme. Lakini kwetu kuna sale, yale majani marefu ya kijani tunayopanda mipakani na makaburini. Mtu akikuletea jani lake limefungwa fundo, anakuomba jambo, na ukilipokea huwezi tena kumnyima. Maneno hayahitajiki. Nikaona utaratibu huu uliwekwa kwa ajili ya watu kama mimi. Nikachuma jani moja mpakani, nikalifunga, nikapita katikati ya viti vyote vile, nikampa baba mkubwa kwa mikono miwili. Kisha nikanyoosha kidole kwenye vigingi, halafu kwa bibi.

Alilipokea. Akalitazama, akanitazama, akavaa uso wa huruma.

"Ndugu zangu, mnaona malezi? Mtoto huyu anaomba msamaha!"

Msamaha wa nini? Hakuna aliyeuliza. Sale mara nyingi ni ya kuombea msamaha, na msichana akisimama mbele ya wazee, basi amekosa kitu.

"Umesamehewa, mama! Soma kwa bidii, acha simu!"

Vigelegele. Shangazi mmoja akalia kabisa. Mwingine akamnong'oneza jirani yake, "Kumbe ndiye yule! Nilisikia." Alisikia nini? Nilirudi kukaa. Bibi alikuwa anacheka bila sauti huku machozi yanamtoka.

"Si amelipokea?" akasema. "Basi."

Tulilala hukohuko. Jumapili asubuhi nilimkuta baba mkubwa peke yake nyuma ya nyumba, taulo shingoni, mswaki mdomoni. Bila kipaza sauti ni mzee mfupi tu.

"Shikamoo, baba mkubwa. Jana sikuomba msamaha. Niliomba mahali pa bibi, kushoto kwa babu. Na sale umeipokea mbele ya watu wote."

Sauti ilitetemeka kama ya mbuzi, lakini ilitoka.

Akaninyooshea kiganja nisubiri, mdomo umejaa povu. Sikusubiri. Nilikwenda kaburini nikang'oa vigingi vyote vinne, kimoja baada ya kingine, yeye akinitazama. Nikavipeleka jikoni. Vilikuwa vikavu, vikashika moto mara moja, nikainjika chai ya bibi.