Mzimu wa Chumba Namba Sita Niliutunga Mimi

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa sita, mwanangu, baridi ya Ufipa imekaza hadi maji ya ndoo yanauma vidole, nami nimelikumbatia jiko la hoteli kama paka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzi tu, najiona msomi, na kazi niliyopewa ilikuwa kufagia vyumba vya juu vya ile hoteli ya zamani pale mjini, ile ya mawe yenye dohani kubwa. Tangu ujana mimi ni mtu wa nyumbani. Hata leo, nikitoka kwangu Milanzi kwenda sokoni, naaga kama mtu anayehamia Dar es Salaam.

Cheka, lakini cheka upesi, maana leo nina hasira.

Wiki hii mjukuu wangu kanionyesha video kwenye simu. Vijana wamesimama mbele ya hoteli ile, mmoja anapayuka: "Mambo vipi wadau! Hapa ndipo analia yule mama wa kizungu asiye na uso!" Kisha wakaenda Malangali, hadi mlangoni kwa mama mmoja anayeuza unga wa ulezi. "Na huyu ndiye mjukuu wa mchawi aliyeufuga ule mzimu!" Mama wa watu chekeche mkononi, anajifunika uso kwa kanga, nao wanamsogezea simu. Naambiwa wateja wamemkimbia, na unga umemdodea.

Nilitaka kuitupa simu motoni. Kilichonizuia ni kwamba mzimu ule niliutunga mimi.

Chumba namba sita kilipakana na dohani ya jikoni. Kilikuwa na joto, lakini moshi ulipenya, kwa hiyo wageni hawakulazwa humo. Dobi wa hoteli, Mama Telesia, alikuwa amefiwa na mumewe, na siku ya kumaliza matanga ilikaribia. Kwetu siku hiyo haikutimia bila pombe ya ulezi. Ndugu wa mume wakikaa na kunywa alichopika mjane, wamemvua msiba. Wakikataa, anabaki nao shingoni. Sasa, kwa baridi ile, ulezi uliolowekwa haukubali kuota. Mpishi akamwonea huruma, akampa ufunguo wa namba sita. Kila asubuhi alipanda kuugeuza ulezi wake kwenye magunia mabichi, huku akiimba wimbo wa msiba kwa Kifipa, sauti ya chini.

Nikapanda na fagio langu, nikasikia sauti. Nikasukuma mlango kidogo. Niliona mvuke, nikaona mgongo wa Mama Telesia, nikasikia harufu ya kimea, ulezi unaochipua kwa pombe. Mwanangu, harufu ile naijua tangu nabebwa mgongoni. Sikuogopa hata chembe. Ila ngazi zilikuwa ndefu, sakafu ya barafu, na jiko kule chini lilikuwa likiniita kwa jina.

Nikashuka mbio kwa msimamizi, mtu wa mbali asiyejua Kifipa wala kimea.

"Kuna mwanamke analia namba sita, mkubwa. Moshi unatoka sakafuni."

"Mwanamke gani?"

"Wa kizungu, nadhani."

"Nadhani? Uso wake ukoje?"

"Hana, mkubwa."

Akaniambia nisipande tena. Nikarudi jikoni kuota moto, naona nimeshinda.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika hadi Mwimbi, mbali kule, kabla ya Jumapili. Msimamizi alipojikaza kuufungua mlango ule, alimkuta Mama Telesia katikati ya magunia yanayofuka, na hapo mzimu ukapata mfugaji. Wenyeji wanaojua kimea walikuwepo, tena wengi, ila hadithi ilikuwa tamu kuliko ukweli. Akafukuzwa kazi na magunia yake.

Pombe aliipika hivyo hivyo. Siku ya matanga vyungu vimejaa, mjane ameinama, na shemeji zake wamesimama nje ya ua. Mkubwa wao akasema, "Hatunywi kilichooteshwa na mzimu." Nilikuwepo, nimejibanza nyuma ya bibi yangu mzaa mama. Hakugeuka hata kunitazama.

"We msomi, siku ulipofungua ule mlango, pua yako ulikuwa umemwazima nani?"

Nikazidi kujikunyata nyuma ya kanga yake.

"Umemwacha mjane uchi ili wewe uote moto. Toka nyuma yangu!"

Nikatoka. Nikapiga magoti mbele ya wale shemeji, nikapiga makofi ya heshima kama tulivyofunzwa, nikasema: "Hakuna mzimu. Nilikiona kimea, nikaona uvivu kufagia." Kisha nikaomba kibuyu, nikanywa kwanza. Yule mkubwa akaingia uani, akakaa, akapokea kibuyu. Wengine wakamfuata. Wengine wakaenda zao.

Mama Telesia alivuliwa msiba, lakini kazi haikurudi. Aliniambia neno moja tu: "Umekunywa vizuri, mwanangu. Sasa kawaambie na wale ambao uongo wako umewafikia." Nikaitikia ndiyo. Sikwenda. Nilisema kesho, nikasema mvua zikikatika, nikazeekea kando ya moto wangu, na uongo ule haukuchoka kutembea. Leo umebisha mlangoni kwa mjukuu wake.

Basi sikia, nawe mwenye simu. Kabla hujasimulia mzimu, uliza ni mgongo wa nani uliouona. Pua ikikuambia kimea, usiuache mdomo useme moshi. Na ukikosea, usitubu uani kwa watu kumi huku uongo uko barabarani. Mfuate uliyemuumiza hadi mlangoni kwake, ukanywe chake watu wakikuona.

Kesho asubuhi naenda Malangali. Ndiyo, mimi, kwa miguu hii. Nitakaa kwenye kibaraza cha yule mama ninywe uji wa unga wake, na mjukuu wangu atanipiga video nikisema jina langu na uongo wangu. Mliopayuka pale mlangoni kwake, njooni na simu zenu. Vikombe nitabeba mimi.

Mungu akujalie ulimi usioutangulia moyo wako. Ulezi wako uote hata baridi ikikaza, na siku ya msiba wako pasiwepo wa kusimama nje ya ua.