Fundi wa baridi na mkono wa kuazima

Saa saba mchana, jua limesimama utosini na lami mbele ya gereji imelainika. Chini ya turubai lililofungwa kwenye nguzo mbili, mwanamume mwenye ovaroli ya bluu ameinamia injini inayounguruma. Spana hajagusa. Amelaza vidole juu ya bomba jembamba la alumini, kafumba macho.

Mtaa mzima unamwita Barafu. Jina lake halisi, anasema, analikumbuka mkewe tu, tena akikasirika.

Huu ni mwaka wake wa ishirini na tatu akitengeneza viyoyozi vya magari. Siku za joto kali hupokea hadi magari sita. Mvua ikinyesha, hushinda akicheza bao na muuza matairi wa jirani.

"Watu wakilia joto, mimi ndiyo navuna," anasema. "Usije ukaomba mvua karibu na gereji yangu, tutakosana!"

Mteja wa leo ni dereva wa gari la kukodi, mtu mnene mwenye taulo begani, na jasho linamtiririka kama kamwagiwa maji. Abiria wake wengi ni wagonjwa anaowapeleka kliniki na kuwarudisha.

"Jana bibi mmoja nusura azimie kiti cha nyuma," anasema. "Wanawe wameniambia wazi, baridi isiporudi wanatafuta gari jingine. Na wenzao wakisikia, nimekwisha."

"Gesi ulijaza lini?" Barafu anauliza.

"Mwezi huu peke yake mara mbili, fundi. Siku mbili tatu baridi safi, halafu narudi kuendesha tanuri."

Barafu anaunga geji ya kupima presha ya gesi. Mshale wa upande wa baridi umelala chini kabisa. Dereva anauona, anapiga kofi paja lake. "Si unaona? Gesi pungufu. Jaza, fundi, niwahi watu wangu."

Barafu anapitisha vidole juu ya bomba, anarudi mwanzo, anapitisha tena. Vidole vile havimwambii kitu, na hapo ndipo penye shida yote.

Asubuhi, kabla wateja hawajafika, alikuwa amemweleza mwandishi wa makala haya jambo ambalo wateja hawalijui. Msimu wa joto uliopita, mpira wa gesi ulichomoka ukamrushia gesi kwenye mkono wa kulia. Gesi ile ikitoka kwa kasi huunguza kwa baridi yake kama moto. Ngozi ilipona, ila vidole vikabaki na ganzi. Mkono wa kushoto haukuwa na nafuu kubwa, maana miaka mingi ya injini za moto imeuotesha sugu.

"Fundi wa baridi asiyehisi baridi ni sawa na mpishi asiyeonja," alisema. "Hilo usiliandike, tafadhali."

Kipimajoto anacho, mwanawe alimletea zawadi. Lakini kipimajoto hupima pale kilipowekwa. Mkono hutembea juu ya bomba hadi ukute mahali joto linapogeuka ghafla, na mahali hapo mara nyingi ndipo penye ugonjwa.

Kwa hiyo wakabuni njia yao, yeye na mkewe, fundi cherehani mwenye chumba nyuma ya gereji. Mteja akienda dukani kununua maji, Barafu hukohoa. Mama watoto hutoka, hushika mabomba chapuchapu, humnong'oneza na kurudi kwenye cherehani yake. Wateja wakirudi hukuta Barafu amekunja nne, jibu analo.

Leo Barafu amekohoa hadi koo limekauka. Dereva haendi popote.

"Fundi, una kifua?" dereva anauliza kwa huruma. "Nina dawa kwenye gari."

Nyuma ya pazia cherehani imenyamaza. Barafu anaitazama geji, anamtazama dereva, anatazama mtungi wa gesi. Kisha, taratibu, anaufungulia.

"Baba watoto, funga huo mtungi!"

Mkewe yuko mlangoni, futi ya kupimia ingali shingoni. Barafu anafunga. Mama anampita dereva bila salamu, anashika bomba na kulifuata kwa vidole hadi kwenye kichupa kinachochuja gesi.

"Huku moto," anasema. "Hapa kwenye chujio, moto. Nikivuka tu, baridi. Shika mwenyewe, dereva."

Dereva anashika, anaruka. "Ala!"

"Chujio limeziba," Barafu anasema, sauti chini. "Gesi ipo, imerundikana huku nyuma, haipiti. Ndiyo maana upande wa pili geji inaonyesha pungufu. Ningeongeza gesi, presha ingepanda, tungeua kompresa, ile pampu inayosukuma gesi."

"Sasa mbona ulikuwa unafungulia?"

Barafu anainua mkono wa kulia, anaukunjua mbele ya mteja wake.

"Kwa sababu huu mkono umekufa ganzi, ndugu yangu. Anayehisi ni huyu mke wangu. Niliona haya kukwambia, na haya zangu nusura zikuharibie gari."

Mama anamtazama mumewe kwa macho ya mtu aliyesubiri sana. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," anasema. "Kila siku namwambia kidole kimoja hakivunji chawa, yeye anakohoa tu!"

Dereva anawatazama mmoja mmoja. Halafu tumbo linaanza kumtikisika. "Kumbe kile kikohozi!" Anacheka hadi anafuta machozi kwa taulo. "Mama, basi gari langu nakukabidhi wewe. Huyu mzee afungue nati."

Barafu anavuta gesi yote, anafunga chujio jipya, anakausha mfumo na kujaza upya. Jua linapolegea, dereva anaketi ndani, vioo juu, na kutoa dole gumba. Anampigia simu yule bibi hapo hapo. "Kesho njoo na shali, bibi. Usije ukanilaumu kwa mafua."

Gari linapoondoka, Barafu anaketi juu ya tairi kuukuu. Daktari amemwambia hisia huenda zikarudi, huenda zisirudi.

"Kazi nimepata wa kunisaidia," anasema. "Kinachoniuma ni mjukuu. Namshika paji la uso, sijui kama ana homa. Hilo naliombea kila siku."

Anamgeukia mwandishi. "Lile nililokukataza asubuhi, andika tu."

Kuhusu gereji, mpango upo. Mwezi ujao atapaka upya kibao kinachosema "Fundi Barafu". Ataongeza "na Mkewe".

"Na mkewe?" sauti inatoka nyuma ya pazia. "Anayeshika bomba nani? Jina langu litangulie!"

"Litatangulia," Barafu anakubali.

Mama anatoka, anauweka mkono wake juu ya ule wenye ganzi. Wa kwake umetoka kwenye ndoo ya maji ya barafu, bado unadondosha matone.

"Haya, sema. Moto au baridi?"

Barafu anafumba macho kama alivyofanya mchana. "Sijui," anasema. "Lakini ni wako."