Karatasi Nyekundu ya Mama Kerosi

Miaka ile chupa tupu ilikuwa kitu cha maana. Ukienda zahanati ya Rodi Kopany mikono mitupu, ulirudi hivyo hivyo, kwa sababu dawa ya maji ilimiminwa kwenye chupa uliyokuja nayo mwenyewe. Bathsheba Nyasuguta aliiona kazi hapo, alipohamia kwetu kutoka Kisii na mumewe Ogeto, fundi wa kujenga. Aliokota chupa, akaziosha, akawauzia wagonjwa njiani. Majirani tulimwita Mama Kerosi, kwa jina la mwanawe aliyekuwa kazini Isebania.

Mimi niliolewa nyumba ya pili kutoka kwake mwaka 1965, nikiwa na elimu ya darasa la nne na kiburi cha mwalimu mkuu.

Alilowesha chupa kwenye karai la maji ya majivu, kisha akakaa kando. Sijaona mtu anayejua kukaa kama yeye. Gundi ikilegea, karatasi za chupa zilijibandua zenyewe zikaelea juu polepole: simba, ndege mwenye miguu mirefu, mwanamke anayejitazama kwenye kioo. Alizinyanyua kwa ncha za vidole, akazianika juu ya jiwe, akazibandika kwa uji wa muhogo kwenye ukuta wa chumba chake. Adhuhuri jua lilipoingia dirishani, ukuta wote uling'aa, naye alijinyoosha mkekani akautazama mpaka macho yakawa mazito.

Hakujua hata herufi moja. Aliniambia yule mwanamke wa kioo anaishi mji ambao mvua hunyesha bila sauti, na simba ni wake, hulala miguuni pake. Nilisikiliza hadi nikasahau sufuria yangu motoni. Wakati huohuo nilikuwa nazisoma. Mwanamke wa kioo alitoka kwenye chupa ya dawa ya chawa, na simba alikuwa wa siki. Nilicheka moyoni, nikanyamaza. Nilijiambia sitaki kumharibia mji wake, lakini ukweli ni kwamba nilifurahia kujua nisichomwambia.

Mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, Ogeto alishikwa na kikohozi, na mgongo wake uliobeba mawe miaka mingi ukagoma. Elkanah, bwana aliyetoa dawa zahanati, alijaza chupa mbili za rangi ya kahawia, kimo kimoja. Moja aliibandika karatasi nyeupe, nyingine nyekundu.

"Nyeupe ni ya kifua, kijiko kimoja asubuhi, mchana na jioni," alimwambia Mama Kerosi. "Nyekundu ni ya kuchua mgongo. Hiyo hainywewi."

Kwa rangi hizo walikwenda siku tano bila kosa.

Kisha ikafika Ijumaa. Mama Kerosi alikuwa Msabato, na kwake Ijumaa ilikuwa siku ya kusugua kila kitu kabla jua halijazama: sufuria, stuli, masikio ya mumewe. Chupa mbili za dawa zilikuwa zimenata sukari na vumbi, akazitia kwenye karai kama zile nyingine, vizibo vikiwa vimebana. Karatasi nyeupe ikachanika majini. Ile nyekundu ikaelea nzima. Ukutani kwake hapakuwa na nyekundu hata moja, na mwenyewe aliniambia baadaye kwamba ilimfanya asikie moyo mwepesi kama wa msichana. Akaweka chupa dirishani, ya kunywa kulia, akajua atakumbuka.

Jioni nilipopita kwake kuazima ungo, niliiona ile karatasi katikati ya ukuta. YA KUCHUA TU. SI YA KUNYWA. Niliisoma yote. Nikadhani chupa yake imekwisha, nikachukua ungo nikaenda.

Asubuhi ya Sabato nilisikia Ogeto anakohoa mpaka ukuta wetu ukaitikia. Nikawapelekea uji. Nilimkuta Mama Kerosi na kijiko kimejaa.

"Leta hiyo dawa, mama," Ogeto alisema. "Kifua inapasuka."

"Ngoja kwanza."

"Nangoja nini? Si ulisema ya kulia?"

"Nilisema. Lakini nilipanguza dirisha, Baba Kerosi. Nilizitoa, nikazirudisha."

Alinigeukia. "Benta, nusa."

Nilinusa. Zote mbili zilinuka kafuri. Ndipo nilipoelewa kile nilichokisoma jana yake.

"Dawa ni dawa," Ogeto alisema, akanyoosha mkono. "Nipe nionje kidogo tu."

"Hutaonja," alijibu. "Kohoa. Afadhali nikusikie unakohoa."

Akamwaga kijiko nje, akafunga uzi kwenye shingo ya chupa alikoitoa dawa hiyo, akaziweka zote mbili kwenye kikapu pamoja na Biblia asiyoweza kuisoma. Elkanah alikuwa wa kanisa lake. Tulitembea kwenda kanisani, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba, nami niliona kama barabara inarefuka kila tunapopiga hatua.

Elkanah alitusikiliza nyuma ya kanisa, wimbo ukiendelea ndani. Aliomba glasi ya maji, akadondoshea dawa ya chupa yenye uzi. Maji yakageuka meupe kama maziwa.

"Hii ndiyo ulitaka kumpa?"

Mama Kerosi aliitikia kwa kichwa.

"Hii ni ya kuchua. Angekunywa hii, leo tungekuwa tunaimba kwenu."

Mama Kerosi aliketi chini na nguo zake za kanisa. Elkanah akamwaga chupa zote mbili nyasini. Nilimuuliza kwa nini amwage na ile nzuri.

"Haina jina tena. Siwezi kumpa mtu dawa ambayo naikisia. Mtapata nyingine, na karatasi ikae hapo mpaka tone la mwisho."

Njiani kurudi nilimwambia kwamba nilikuwa nimeisoma ile karatasi nyekundu ukutani. Nilitaka anitukane. Alitembea mbele yangu mpaka tukaona paa za Rodi.

"Sasa utanisomea zote," alisema. "Moja moja. Halafu utanifundisha."

Tulianza na ukuta wenyewe. Alimlilia kidogo yule mwanamke wa kioo alipojua habari za chawa, lakini hakumbandua. Kila chupa aliyoiuza tangu hapo ilikuwa na karatasi tupu imefungwa shingoni kwa uzi, ili Elkanah aandike.

Ilichukua miezi saba. Siku moja adhuhuri, jua likiwa ukutani, aliweka kidole kwenye karatasi nyekundu, akasoma peke yake, herufi kwa herufi, mpaka neno la mwisho. Akatoka nje bila kuniangalia. Nilimfuata hadi mlangoni. Alisimama mbele ya Ogeto, aliyekuwa akipanga mawe, akamtazama muda mrefu.

"Ni nini?" Ogeto akauliza.

"Hakuna kitu," alisema. "Kohoa kidogo nikusikie."