Waliita Jina la Marehemu Dada Yangu Ukumbini Masasi

Waliita jina la marehemu dada yangu kwenye spika, mchana kweupe, na watu wakapiga makofi.

Nilikuwa viti vya nyuma. Sikushtuka. Tangu tumzike nilikuwa sishtuki, silii, chakula nameza tu.

Dada Rukaiya alikuwa na podikasti. Alirekodia kwetu Mkunya, kwenye stoo ya korosho, maana magunia yanameza mwangwi. Wajane walikuja kumsimulia jinsi walivyofukuzwa mashambani baada ya waume zao kufariki. Kazi yangu ilikuwa kushika simu na kunyamaza.

Figo zilipomlaza, akaniambia watengeneza podikasti wa kusini wanakutana Masasi. Niende nikamsikilizie.

Nikakubali. Akafariki. Nikapanda gari nikaenda hivyo hivyo.

Sasa wanamwita jukwaani.

Nikajua hapa kuna mtu kachemka, hawana taarifa. Nikainuka nikamnong'oneze mwandaaji, dada mmoja anaitwa Regina. Nilipomfikia jukwaani, kabla sijafungua mdomo, akanipa maiki.

"Rukaiya amefariki," nikasema.

Spika ikayarusha maneno yangu ukumbi mzima.

Ningeshuka pale pale, lakini mdomo ukaendelea wenyewe. Nikawaambia mimi ni mdogo wake, Anifa, ndiye mshika simu. Nikawaeleza tulivyokuwa tunasubiri mvua iache kupiga bati. Nikawasimulia habari za mjane mmoja aliyeongea mpaka mwisho, halafu akaogopa shemeji zake, akaomba tufute. Dada akafuta mbele yake. Simulizi ile ilikuwa kali kuliko zote tulizowahi kurekodi.

Baba mmoja wa mbele akanyoosha mkono.

"Na hao wajane sasa wanamsimulia nani?"

Nikajisikia nasema, "Mimi."

Nilishuka sihisi kitu. Watu wananipa mikono, nashika kama nashika mbao.

Nje nikamfuata Regina. Nikamwomba radhi, nikamwambia nilidhani hawajapata taarifa ya msiba.

"Tulipata, mdogo wangu," akasema. "Ila dada yako alinipigia akiwa wodini. Alisema, hata nisipokuwepo, wewe niite tu jukwaani. Atakayeinuka, mpe maiki."

Nikamuuliza, je, ningebaki nimekaa?

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akacheka, akasema humjui Anifa."

Najua mnasubiri niseme hapo nililia. Sikulia. Nilirudi Mkunya nimekaa dirishani, macho makavu, na kesho yake nikafagia stoo.

Mpaka leo narekodi. Kuna siku namsikiliza mtu analia mbele yangu na mimi ndani kumeganda tu.

Wewe uliyefiwa, nikuambie kitu kimoja. Usisubiri moyo uchangamke ndiyo uinuke. Inuka nao hivyo hivyo ulivyoganda. Wanaokusubiri hawaulizi kama umeshalia.